Ishara za Msongo wa Seli na Kisukari: Funzo Kutoka kwa Seli Beta



1. Utangulizi

Seli za mwili hupatwa na misukosuko kila siku: joto hupanda, oksijeni hupungua, virusi huvamia, protini huharibika. Kila msukosuko una njia yake ya ishara. Ishara hiyo huiamuru seli ipunguze kazi na ijikarabati. Ikishindikana, seli hujiua ili isilete madhara zaidi. Hoja ya mada hii ni kwamba ugonjwa huzuka kwa pande mbili: ishara inapokosekana, na ishara inapowaka bila kukoma. Nitaithibitisha kwa kutumia seli moja tu, seli beta ya kongosho, ambayo ndiyo hutengeneza insulini.

2. Seli inavyotambua msongo

Insulini huanza kama proinsulini, mnyororo mmoja wa asidi amino unaoingizwa katika retikulamu ya endoplazimu. Humo mnyororo hukunjwa, na sisteini zake sita hufungwa mbilimbili kwa salfa. Ni kazi nzito: inakadiriwa kwamba glukosi ikipanda, seli beta moja huweza kutengeneza molekuli zipatazo milioni 1 za proinsulini kwa dakika.

Minyororo iliyokosewa mkunjo ikirundikana, protini tatu zilizo kwenye utando huamka: IRE1, PERK na ATF6. IRE1 ilitambuliwa mwaka 1993 katika hamira, na kikundi cha Peter Walter na kile alichokuwamo Kazutoshi Mori, kila kimoja kwa utafiti wake. IRE1 na ATF6 huwasha jeni za protini zinazosaidia kukunja nyingine. PERK hubandika fosfati kwenye protini iitwayo eIF2α, na papo hapo utengenezaji wa protini mpya hupungua. Seli hupata nafasi ya kumaliza kiporo cha kazi.

3. Ishara inapokosekana

Mwaka 1972 Wolcott na Rallison walieleza ugonjwa adimu wa kurithi: mtoto hupata kisukari angali mchanga, na mifupa yake haikui sawasawa. Mwaka 2000 chanzo kilijulikana, nacho ni hitilafu katika jeni ya PERK. Bila breki hiyo, seli beta huendelea kuzalisha hata pale inapoelemewa, mwishowe hufa.

4. Ishara isipokoma

Panya wa aina ya Akita, kutoka Japani, wana kosa moja tu katika jeni ya insulini: sisteini ya 96 imekuwa tairosini. Kiungo kimoja cha salfa hakifungiki, mkunjo huharibika, na ishara ya msongo huwaka muda wote. Ikidumu hivyo, PERK huchochea protini CHOP, ambayo huisukuma seli kwenye kifo. Watafiti walipoondoa jeni ya CHOP katika panya hao, kisukari kilichelewa. Kosa lilikuwa palepale, ila amri ya kufa ilipungua nguvu.

Katika kisukari aina ya 2, jeni ya insulini kwa kawaida ni nzima. Tatizo ni mzigo: mwili unapoacha kuitikia insulini vizuri, seli beta hulazimika kuzalisha zaidi mwaka hadi mwaka. Msongo huu ni miongoni mwa sababu zinazozichosha na kuzipunguza.

5. Maana yake kwa tiba

Mtu angedhani dawa ni kuizima ishara. Vizuizi vya PERK vilipojaribiwa kwa panya, kongosho liliathirika, jambo ambalo ugonjwa wa Wolcott na Rallison ulikwishatuonya. Njia salama zaidi ni kuipunguzia seli mzigo kabla haijafa. Katika utafiti wa DiRECT nchini Uingereza, uliotangazwa mwaka 2017, asilimia 46 ya wagonjwa waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito hawakuwa tena na viwango vya kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa za kisukari. Katika kundi la matibabu ya kawaida walikuwa asilimia 4. Wote walikuwa wameugua kwa miaka isiyozidi 6. Matokeo hayo yanaafikiana na hoja kwamba seli beta iliyochoka, kama haijafa, inaweza kurudia kazi yake.

6. Mapendekezo

Kwanza, kliniki zetu ziweke nguvu kubwa katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, kwa lishe, mazoezi na kupunguza uzito, badala ya kungoja sukari ishindikane.

Pili, mtoto anayegunduliwa kuwa na kisukari kabla ya miezi 6 apimwe jeni. Wengine wana hitilafu katika mlango wa potasiamu wa seli beta, na wengi wao hutibika kwa vidonge vya salfonilurea badala ya sindano za insulini. Kipimo kimoja kinaweza kumwondolea mtoto huyo sindano za kila siku, nasi tuna wajibu wa kuhakikisha anakipata.