Mzee Asiyesahau

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze habari za mzee mmoja wa Afrika ya Magharibi. Jina lake ni Frédéric Bruly Bouabré. Alizaliwa yapata mwaka 1923 katika kijiji cha Zéprégühé, nchi ya Kodivaa. Alifariki mjini Abidjan tarehe 28 Januari 2014, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Nasema "yapata" na "hivi" kwa kuwa mwaka wake wa kuzaliwa ni wa kukisia. Jambo hilo si geni kwetu. Wazee wetu wangapi hawana tarehe? Mmoja alizaliwa mwaka wa njaa, mwingine mwaka wa nzige.

Mtu huyu wa mbali anatuhusu nini? Ngojeni, mtaona.

Bouabré alikuwa Mbété. Alipozaliwa, nchi yake ilikuwa chini ya Wafaransa, nayo ilibaki hivyo mpaka mwaka 1960. Shule zilikuwa chache, na mafunzo yalikuwa ya Kifaransa. Yeye alibahatika kusoma, akawa karani wa serikali ya kikoloni. Mchana aliandika barua za wakubwa kwa Kifaransa. Lakini hadithi za kwao, majina ya mababu na maneno ya hekima ya Wabété havikuwa na pa kuandikwa. Vilikaa vichwani mwa wazee. Mzee akifa, anakwenda navyo kaburini.

Basi tarehe 11 Machi 1948, akiwa Dakar nchini Senegal, lilimtokea jambo. Mwenyewe alieleza kwamba mbingu zilifunguka, akaona majua saba ya rangi yakilizunguka jua mama. Tangu siku hiyo akajiita Cheik Nadro, maana yake "asiyesahau".

Sasa semeni kweli. Mtu akija hapa kijijini akasema ameona majua saba, tutamwambiaje? Tutasema amerukwa na akili, atafutiwe mganga! Mimi siwaambii muamini maono yale. Nawaomba tutazame kazi aliyoifanya baada ya hapo.

Alikaa chini akatunga maandishi ya lugha ya mama yake. Alitengeneza alama zaidi ya 400. Kila alama ni picha ndogo ya kitu au ya mtu anayefanya jambo, na kila picha inasimama badala ya silabi moja. Ukipanga picha, unapata neno.

Mnaona ni vigumu? Tujaribu kwa Kiswahili. Nichoree mbu hapa ubaoni. Haya, kando yake nichoree nge. Sasa soma kwa sauti: mbu, nge. Mbunge! Mnacheka, lakini mmekwisha soma. Hivyo ndivyo njia yake ilivyokuwa.

Mwaka 1958 mtaalamu wa Kifaransa, Théodore Monod, aliandika na kuchapisha habari za alama hizo. Hata hivyo hazikuenea. Kibété kinapoandikwa, kwa kawaida hutumika herufi za jamii ya hizi zetu. Alama zaidi ya 400 ni mzigo kwa mwanafunzi, na maandishi yasiyo na shule wala vitabu hubaki kwa mwenyewe.

Je, mzee alikata tamaa? Hapana. Kuanzia miaka ya 1970 alichora kadi nyingi mno. Kadi moja ilikuwa ndogo, kama sentimita 10 kwa 15. Hakuhitaji vifaa vya bei. Alikata karatasi ngumu ya maboksi yaliyotiwa nywele za kusukia, akachukua kalamu ya wino na penseli za rangi, akachora. Pembeni, kuizunguka picha, aliandika maelezo yake. Alichora mawingu. Alichora alama alizoziona kwenye ganda la chungwa, kwenye ganda la ndizi na kwenye tunda la kola. Vitu ambavyo sisi tunavitupa jalalani, yeye aliviokota akavisoma kana kwamba ni barua.

Mwaka 1989 kadi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa. Alikuwa na miaka kama 66, umri ambao wengi husema, "Mimi nimekwisha." Kumbe yeye ndio kwanza dunia inamjua! Mwaka 2013 kazi zake zilionyeshwa Venice, Italia. Mwaka 2022, miaka minane baada ya kufa kwake, jumba kubwa la sanaa la New York lilifanya maonyesho yake yeye peke yake.

Ndugu zangu, sikuleta habari hizi ili tusifu watu wa mbali. Nimezileta kwa sababu ya hasara inayotokea hapa hapa. Nani hapa anajua majina ya miti yote ambayo bibi yake aliijua? Nani anajua mbegu ya mtama iliyovumilia ukame zamani? Nani anaweza kutaja mababu zake saba? Mashamba mangapi yana ugomvi kwa kuwa aliyeujua mpaka amekufa bila kuandika?

Bouabré ilimbidi atunge alama zaidi ya 400 ndipo aandike ya kwao. Ninyi mnazo herufi 24 tayari. Mmezitolea jasho jioni nyingi baada ya jembe. Lakini wengine, tangu wapate cheti, kalamu wameishika mara moja tu, siku ya kutia sahihi. Elimu isiyotumiwa huota kutu kama jembe lililoachwa mvuani.

Mwingine atasema, "Mwalimu, mimi nina shamba na watoto, kitabu nitaandika saa ngapi?" Sikuombi kitabu. Naomba kadi moja kwa juma. Kata boksi la sabuni. Chora kitu kimoja: mti, chombo, mdudu wa shambani. Pembeni andika jina lake kwa lugha ya kwenu na kwa Kiswahili, kazi yake, na jina la mzee aliyekueleza. Ukikosea herufi si neno, tutasahihishana darasani.

Na yule mzee wa kijijini anayechonga peke yake, au anayechora ukutani kwa mkaa huku watoto wakimzomea, aendewe kwanza. Mwamkieni, kaeni naye, mumwulize anachora nini.



Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Kwa nini alama za Bouabré hazikuenea?
2. Ni elimu gani ya wazee wa kijiji chetu inayoweza kupotea upesi?
3. Kadi zetu tutazihifadhi wapi, na nani atazitunza?