Mama injenieri na roboti za barabarani

Neno la mutunza-sanduku mu mukutano wa wanamemba



Mbele hatujapiga kura juu ya feza za masomo, niacheni niwaambie habari ya mama mumoja wa inchi yetu. Anaitwa Thérèse Izay Kirongozi. (Ndiyo, Kirongozi, jina lilimufaa.) Yeye ni injenieri. Ku Kinshasa alikusanyika na wanawake wenzake waliosomea ufundi, wakaunda chama chao, Wotech.

Mu mwaka 2013 walisimamisha roboti za kwanza mu njia panda za Kinshasa. Muko walioziona? Ni kama mutu wa aliminiyumu, anapita mita mbili kwa urefu, anageuza kifua, anainua mukono. Taa nyekundu, magari simama. Kijani, pita. Hata wenye miguu anawaambia wakati wa kuvuka. Iko na kamera za kutazama barabara. Na nguvu yake inatoka ku jua, sababu mu mji ule umeme unakatika ovyo. Hapo ndipo nilimuheshimu: alitengeneza kitu kwa mji jinsi ulivyo, hakungojea mji mwingine.

Kisha wakaongeza zingine, na majina kabisa: Tamuke, Mwaluke, Kisanga. Lubumbashi pia zilifika. Moja ilihesabiwa dola 27,500, si feza kidogo. Na haiwezi kumukimbiza dereva mukaidi. Lakini madereva wengine walisema wanaiheshimu kuliko polisi. Sababu tunaijua, tusicheke sana.

Sasa sisi. Plake za sola za depo yetu zilikaa miezi mitatu bila kazi, tunangoja fundi wa kutoka Uvira. Alipofika, ni waya moja tu ilikatika. Tukalipa safari, chakula na siku mbili.

Na mimi niko na kosa langu. Tulipotoka Nyarugusu, binti yangu alikuwa anajua kufungua redio iliyokufa na kuifunga, ikasema. Minervali ilitosha mutoto mumoja. Nikachagua kaka yake. Leo binti anauza nyanya, na jirani wangali wanamuletea redio zao usiku.

Mabinti wane wameomba kusomea umeme. Komite inapendekeza wawili. Mimi ninasema wane, na muchango wa mwezi uongezeke franga 1,000 kwa kila nyumba. Wafadhili, hatuombi mulipe peke yenu. Mwenye kukataa asimame aseme sasa, sanduku lingali wazi.