Mtani ni Yule Atakayekuzika

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo wa Mbagala, wilaya ya Temeke)



Tunashukuru kwamba mmekuja, ingawa jua ni kali na wengine mmeacha biashara zenu barabarani. Leo hatutazungumza juu ya bustani wala maji ya kunywa. Leo tutazungumza juu ya utani. Msicheke kwanza. Utani ni jambo zito, na mtaona kwa nini.

Kwanza tutazame tulipo. Katika sensa ya mwaka 2022 wilaya yetu ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674. Wenzetu wa Kinondoni walikuwa 982,328. Watu hao wametoka wapi? Simama kwenye foleni ya maji asubuhi, utawasikia. Huyu ametoka Mtwara, yule Songea, yule Tabora, yule Moshi. Na Mzaramo yupo, maana ndiye mwenyeji. Zamani, kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga mji huu katika miaka ya 1860, hapa palikuwa na kijiji kidogo, kikiitwa Mzizima. Sisi wengine wote ni wageni, hata kama tumejenga nyumba ya bati na uzio.

Kila mgeni ana kwao, na kila mtu anakusifia kwao. Ikifika Desemba, Mchaga anatafuta nafasi kwenye basi la Moshi kana kwamba Kilimanjaro utahama. Mhaya akikueleza juu ya ndizi za Bukoba, utaona aibu kwa wali wako. Mpare naye, majirani wanasema, yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kwa kesi ya kuku. Na Mzaramo? Wanasema akisikia ngoma inalia, anaacha sufuria jikoni na maharage ndani.

Mnaona? Mmecheka wote, hata Wapare. Huo ndio utani.

Sasa tujiulize. Utani huu ulitoka wapi? Nani aliuleta?

Mojawapo ya chanzo chake ni njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Tabora kuja Bagamoyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu alibeba mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miguu, mwendo wa kilomita karibu 800. Njiani kulikuwa na njaa, ndui na simba. Watu walikufa. Sasa fikiri, ndugu yangu. Umekufa mbali, mama yako hayupo, mjomba hayupo. Nani atakuosha? Nani atachimba kaburi? Ilibidi wawepo watu wa nchi unayopita waliokubali kukupa maji ukiwa hai, na kukuzika ukifa. Ndipo Wanyamwezi na Wazaramo wakawa watani.

Chanzo cha pili ni vita. Wangoni walitoka kusini ya Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakafika mpaka huku kwetu. Walipigana na watu wengi. Walipigana na Wahehe vita vikali miaka ya 1870 na 1880. Leo Mngoni na Mhehe wakikutana wanaitana watumwa, kisha wanakaa pamoja wanakula. Wazee wetu walikuwa na akili. Waliona kwamba ugomvi wa zamani ukifichwa moyoni unaoza. Bora utolewe nje kwa kicheko.

Lakini utani una deni lake. Hapa ndipo wengi tunasahau. Mkienda kwenye msiba mtamwona mtani. Yeye haji kulia. Anaiga sauti ya marehemu. Anaingia kaburini, anakataa kutoka mpaka apewe shilingi. Anachukua kuku bila kuomba. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Lakini tazama vizuri: ni mtani huyohuyo aliyechimba kaburi, aliyepasua kuni, aliyekaa na wafiwa usiku. Kicheko chake amekilipia kwa jasho. Kwa hiyo mtani wa kweli ni mtu wa namna gani? Ni yule atakayekuzika.

Sasa tuwaambie jambo lililotupata sisi wenyewe. Halitupi sifa, lakini lina mafunzo.

Katika darasa letu moja la kisomo alikuwapo bwana mmoja wa Kizaramo, mcheshi sana. Alikuwapo pia mzee mmoja Mnyamwezi. Siku moja bwana yule alimwambia mzee:

"Mtumwa wangu, umekuja kusoma au umekuja kubeba mizigo?"

Mzee akajibu: "Nimekuja nipate kukusomea barua za wanaokudai. Maana ngoma ikilia, wewe hata jina lako hulioni."

Tulicheka mpaka chaki ikatuanguka. Basi yule bwana akanogewa. Akamgeukia mama mmoja, Muha wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Akasema: "Na huyu Mrundi naye anatafuta nini hapa? Si arudi kwao?"

Darasa likacheka. Na sisi tuliokuwa tunafundisha, tunakiri mbele yenu, tulicheka pia. Mama hakucheka. Alifunga daftari lake, akatazama ubao. Jumatatu iliyofuata hakuja. Jumatano hakuja. Juma zima likapita, na la pili.

Tukaenda nyumbani kwake. Tulimkuta anakaanga mihogo ya kuuza. Alitupa kigoda, akatukaribisha vizuri. Tukamwuliza kwa nini haji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwalimu, baba yangu kazaliwa Kasulu. Babu yangu kazikwa Kasulu. Mwaka jana nilikwenda kwenye ofisi moja kuomba barua ili nipate kitambulisho cha taifa. Niliulizwa mara tatu kama mimi si Mrundi. Nikarudi bila barua. Ndiyo maana nilikuja kusoma, ili fomu yangu niijaze mwenyewe na maneno yangu niyaandike mwenyewe. Sasa hata darasani naambiwa nirudi kwetu. Yule mzee Mnyamwezi akifa, yule bwana atachimba kaburi. Mimi nikifa, atachimba?"

Ndugu zangu, sisi tuna cheti cha chuo cha ualimu. Lakini swali lile halikuwamo katika vitabu vyetu. Tulikaa kimya mpaka mihogo ikaanza kuungua.

Tufikiri pamoja. Je, Mrundi ni tusi? Hapana. Mrundi ni mtu mwenye heshima yake, na nchi yake ni jirani yetu. Kiha na Kirundi vinafanana sana. Lakini mpaka uliwekwa na wakoloni. Mpaka Vita Kuu ya Kwanza, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Wajerumani. Baadaye Wabelgiji wakachukua Burundi, Waingereza wakachukua Tanganyika. Wamakonde wako Mtwara na wako Msumbiji. Wamasai wako Arusha na wako Kenya. Lugha haimtoi mtu uraia wake. Basi ubaya hauko katika neno. Ubaya uko katika kumwambia mwenye nchi kwamba hana nchi. Maneno hayo yanaweza kufika ofisini na kumnyima mtu haki yake. Mzaha wa ngoma na maharage haumnyimi mtu kitu.

Wengine watasema: "Kama ni hivyo, tuache makabila kabisa. Tusiyataje." Ni kweli kwamba taifa letu lilijihadhari. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyowauliza watu kabila lao. Na Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila au mahali alipotoka. Hilo ni jema. Lakini kukataa ubaguzi si kuona haya kwa kwenu.

Tutoe mfano wa mbali. Huko Uingereza kuna nchi iitwayo Wales. Watu wake wana lugha yao ya kale, mbali na Kiingereza. Katika karne ya 19, katika baadhi ya shule za huko, mtoto aliyeisema lugha ya mama yake alivalishwa kibao shingoni, na mara nyingi alichapwa. Baadhi yenu mnakijua kibao hicho, au ninyi au wenzenu wa Kenya, kwa sababu mlisema kilugha shuleni. Watu wa Wales hawakukubali lugha yao ife. Mwaka 1993 ilipitishwa sheria ya kuilinda, na leo watoto wengi wanasomeshwa kwa lugha hiyo. Tena wanatania na Waingereza sana, hasa siku ya mechi. Mtu anayejua kwao haogopi kutaniwa.

Na sisi tuna mechi zetu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ingawa jina la Simba ilipewa mwaka 1971. Tunaziita watani wa jadi. Neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Jumamosi mnabishana mpaka sauti inakauka. Jumapili shabiki wa Simba akifiwa, anayeleta viti ni shabiki wa Yanga. Asipoleta viti, huyo si mtani. Huyo ni adui aliyevaa jezi.

Basi tulirudi kwa yule bwana, tukamweleza maneno ya mama. Alisema: "Lo! Mwalimu, mimi nilidhani ni utani." Tukamwambia: "Hata sisi tulidhani hivyo." Siku ya darasa mama alikuja, maana tulimwomba. Bwana akasimama mbele ya wote akasema: "Mama, nilikosa. Wewe si mtani wangu, wewe ni jirani yangu. Nisamehe." Na sisi tukaomba radhi baada yake. Mama akajibu neno moja tu: "Nimesikia."

Aliendelea kuja. Miezi michache baadaye alijaza fomu yake kwa mkono wake, kila mstari. Kitambulisho bado anakisubiri, na sisi tunamfuatilia.

Kisha masika yakaja. Mvua iliangusha ukuta wa choo cha yule mama. Asubuhi yake bwana alifika na jembe na ndoo, bila kuitwa. Akafanya kazi mpaka adhuhuri. Mama akamletea mihogo na chai. Akamtazama, akasema: "Sasa unaweza kuanza kunitania. Lakini uanze kidogo kidogo."

Ndugu wanakisomo, tuyakumbuke mambo haya matatu. Kwanza, mtanie yule ambaye uko tayari kumchimbia kaburi. Pili, mwenzako asipocheka, nyamaza, umwulize. Tatu, jivunie kwenu, lakini usimfukuze mwenzako kwenu wala kwake.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni na jirani maswali haya. Watani wa kabila lako ni akina nani, na utani huo ulianzaje? Je, yuko mtu mtaani kwako anayetaniwa naye hacheki? Andikeni majibu katika madaftari yenu, mje nayo Jumatano.

Na yule mzee Mnyamwezi anaomba Wazaramo waje na kalamu zao wenyewe. Anasema amechoka kuwabebea.