Akili ya Mwanadamu na Elimu ya Maumbile

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi, na naiusia nafsi yangu kwanza, kumcha Yeye kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, iko kauli inayoenea miongoni mwa vijana waliosoma. Husema: mtu si chochote ila maada, fikira zake ni mwendo wa chembe katika ubongo, na chembe hazina ila kufuata kanuni. Kauli hii si ndogo. Ikiwa ni kweli, basi mwizi hakuiba, bali chembe zilikwenda. Wala mwenye kutubu hakutubu. Hisabu itakuwa juu ya nani?

Hudai kuwa sayansi imekwisha hukumu. Basi na tuitazame hiyo sayansi. Mwaka 1814 Mfaransa Laplace aliandika kwamba lau ingekuwako akili inayojua mahali pa kila chembe na nguvu zote ziisukumazo, yajayo yangekuwa wazi mbele yake kama yaliyopita. Juu ya msingi huo wengi wakamdhania mtu kuwa ni kama saa iliyotiwa ufunguo.

Walioutikisa msingi huo ni wanafizikia wenyewe. Mwaka 1927 Mjerumani Heisenberg alibainisha kuwa mahali pa chembe na mwendo wake havijulikani vyote viwili kwa ukamilifu kwa wakati mmoja. Tazameni madini ya radiamu: katika miaka kama 1,600 nusu ya atomu zake huvunjika, lakini ukiteua atomu moja, fizikia haikuambii kama itavunjika leo au baada ya miaka elfu. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha njia ya kuijaribu dhana kwamba kila chembe hubeba ndani yake majibu yake yote, pasi na kuathiriwa na iliyo mbali. Mwaka 1982 Alain Aspect na wenzake huko Ufaransa waliijaribu kwa chembe za nuru, na dhana ile ikashindwa. Kwa kazi za namna hiyo, yeye, Clauser na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Enyi waumini, tusizidishe maneno. Hayo hayathibitishi roho. Na jambo lisilotabirika si lazima liwe hiari. Mwanafizikia Eugene Wigner aliandika mwaka 1961 kuwa akili ya mtazamaji ina sehemu yake katika kupima chembe. Baadaye mwenyewe akaiacha rai hiyo. Mwenye kuiegemeza imani yake juu ya rai ya mtaalamu, siku rai itakapohama ataanguka nayo. Tunachosema ni kimoja: asiyeamini ila maada asidai kuwa fizikia imemkatia shauri. Maada yenyewe si ile aliyoidhania, wala hesabu za fizikia hazijaeleza kwa nini aliyefiwa huhisi uchungu.

Wala hatukatai kuwa ubongo ni chombo cha akili. Sharia yetu yalijua hilo tangu zamani: aliyelala, mtoto mdogo na mwenda wazimu hawaandikiwi dhambi. Lakini aliye macho na mwenye akili timamu ataulizwa. Na Mtume alipoulizwa habari ya roho, alifunuliwa katika Sura ya Bani Israil kuwa jambo hilo ni la Mola wake, na kwamba tuliyopewa sisi katika elimu ni machache.

Enyi vijana, someni fizikia kwa bidii, na mjue mpaka wake. Enyi wazee, msiwakemee wanaouliza. Waketisheni, muwajibu kwa upole. Na kila mmoja wetu aitazame mikono yake: iliyoyatenda haitaweza kusema kuwa ni chembe tu zilizokwenda.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie mimi na nyinyi.