KOFIA YA BARIDI NA NYWELE ZA MGONJWA WA KANSA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi kwa niaba ya kamati)



Twajua saa imekwenda, na maneno ya malipo ya zamu za usiku yamewachosha. Hata hivyo twaomba mtusikilize kidogo. Jambo tulilo nalo ni la hospitali, na huenda wengine wakasema si kazi ya chama. Sisi twasema ni kazi ya chama, nanyi mtaamua wenyewe tukiisha kusema.

Dada mmoja wa kazi yetu, karani wa tiketi, ametupa ruhusa kusema habari zake, ila jina lake tulifiche. Mwaka jana alionekana ana kansa ya matiti. Daktari akamweleza ya kwamba atapasuliwa, kisha atatiwa dawa ya kemo kwa dripu, mara moja kila majuma matatu. Dada huyu hakuogopa kisu. Lakini aliposikia ya kwamba nywele zitaanguka zote, alirudi nyumbani akakaa majuma sita bila kukanyaga hospitali tena. Majuma sita, ndugu! Na sisi tuliokuwa naye zamu moja tulimwona kila siku dirishani akikata tiketi na kurudisha chenji, tusijue lolote.

Tulipomwuliza baadaye kwa nini alikaa hivyo, alituambia ya kwamba si urembo uliomzuia. Alisema, "Kwetu mwanamke hunyolewa akifiwa na mume, na mume wangu yu mzima. Kila abiria atakayeinama dirishani ataniuliza nani amekufa. Na mkubwa wa kazi atajua mimi ni mgonjwa kabla mimi sijamwambia." Twawaomba mkumbuke maneno haya. Mwanamume akipoteza nywele husema amenyoa kwa sababu ya joto, na mambo yamekwisha. Mwanamke hawezi.

Mwishowe alikwenda, na hospitalini sista mmoja akamwambia ya kwamba iko kofia ya baridi ivaliwayo wakati wa kutiwa dawa ili nywele zisianguke, ila pale kwao haikuwako. Alipotuletea habari hiyo, wengine wetu tulicheka, tukadhani ni mambo ya waganga wa sokoni. Kamati ikaona afadhali kuuliza kuliko kucheka. Sisi si madaktari, na wengi wetu tuliishia darasa la nane katika shule ya misheni, lakini kuuliza na kusoma twaweza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kansa ni chembe za mwili zinazozaliana upesi bila kufuata amri. Dawa ya kemo huwinda chembe zinazozaliana upesi. Lakini dawa haina macho. Shina la unywele nalo hufanya kazi mchana na usiku bila likizo, chembe zake huzaliana upesi sana, basi dawa hulipiga pamoja na adui. Kwa dawa nyingi za namna hii nywele huanza kuanguka baada ya majuma mawili au matatu tangu dawa ya kwanza. Matibabu yakiisha, kwa watu wengi nywele huota tena.

Sasa kofia. Mtu wa reli hana shida kuielewa. Gari la moshi likipita stesheni, na njia ya pembeni imefungwa, litakwenda njia kuu wala halitaingia pembeni. Baridi ndiyo inayofunga njia ya pembeni. Ngozi ya kichwa ikipozwa, mishipa midogo ya damu hujibana, na damu inayofika kwenye mashina ya nywele hupungua. Dawa iko ndani ya damu, kwa hiyo nayo hupungua pale. Tena shina lililopoa hufanya kazi polepole, na dawa inayotafuta chembe zenye haraka hailidhuru sana. Sehemu nyingine za mwili hupata dawa yote kama kawaida.

Kwa sababu hiyo saa za kuvaa zina maana. Kofia huvaliwa kama nusu saa kabla ya dripu kufunguliwa, hukaa kichwani muda wote wa dripu, na baada yake hukaa tena kiasi cha saa moja na nusu, na kwa dawa nyingine zaidi, mpaka dawa ipungue ndani ya damu. Ukifungua njia mapema, gari litaingia. Nayo huvaliwa tangu dawa ya kwanza, na kila mara mpaka ya mwisho. Mtu hawezi kuanza dawa ya tatu, akiona nywele zimekwisha kujaa kwenye mto.

Mashine yenyewe ni friji yenye pampu. Maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda hupozwa ndani yake, husukumwa kwa mpira mpaka kwenye kofia laini yenye vijia ndani, huchukua joto la kichwa, kisha hurudi kupozwa tena. Mafundi wa karakana watatambua hapo kazi ya rejeta ya injini ya dizeli, ila hapa kinachopozwa ni binadamu. Ngozi ya kichwa hushushwa mpaka kama digrii 18 hadi 22. Robo saa ya kwanza ndiyo mbaya: kichwa huuma, mwili hutetemeka, wengine huona kichefuchefu. Blanketi na chai ya moto husaidia. Wako wanaoshindwa wakaivua, wala si aibu.

Na ni nani waliotengeneza mashine hii? Hapa ndipo tulipofurahi. Tangu miaka ya 1970 madaktari walikuwa wakifunga vifuko vya barafu juu ya vichwa vya wagonjwa, lakini barafu huyeyuka, na baridi yake haiko sawa kila mahali. Basi katika mji wa Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu huko Uingereza, kulikuwa na jamaa waitwao Paxman, kazi yao kutengeneza vipoza bia vya baa. Mmoja wao, Glenn Paxman, mkewe Sue alipata kansa ya matiti, akajaribu kofia ya zamani, isimfae, nywele zikaanguka. Mumewe akaona ya kwamba kupoza kitu sawasawa kwa saa nyingi ndiyo kazi yake ya kila siku. Mwaka 1997 mashine ya kwanza ikawekwa katika hospitali ya mji huo huo, Huddersfield Royal Infirmary. Dereva mmoja wa tawi letu aliposikia hayo alisema sasa mkewe hatamgombeza tena juu ya bia. Tumemwambia asijaribu.

Lakini twataka kujua: yafaa au haifai? Mwaka 2017 taarifa mbili za madaktari zilitolewa Marekani, zote juu ya wanawake wenye kansa ya matiti. Katika ya kwanza, wanawake 95 walivaa kofia hii ya Huddersfield, na 48 wakabaki na nusu ya nywele zao au zaidi baada ya dawa mara nne. Wengine 47 hawakuvaa, na hakuna hata mmoja aliyebaki nazo. Katika ya pili, kwa kofia ya watu wa Sweden, waliovaa walikuwa 101, na 67 wakafaulu. Wasiovaa walikuwa 16, wala hakuna aliyefaulu. Angalieni vizuri neno hili "kufaulu". Maana yake ni kupoteza nusu au chini ya nusu, si kubaki na kichwa kama cha siku ya arusi. Na karibu nusu ya wale wa kwanza walivumilia baridi yote ile bure. Matokeo hutegemea aina ya dawa pia. Dawa ile nyekundu iitwayo doksorubisini huipa kofia taabu zaidi kuliko paklitakseli.

Liko na jambo linalotuhusu sisi watu weusi, na hatutalificha. Katika majaribio hayo ya Marekani wanawake weusi walikuwa wachache sana. Wengine walipofanya jaribio kwa wanawake weusi peke yao huko Washington, kofia haikuwafaa, jaribio likasimamishwa kabla ya kufika mwisho, na habari zake zikatolewa mwaka 2021. Sababu inayodhaniwa ni nywele zenyewe. Nywele zetu ni nene na zina mkunjo, zikilowa hujikusanya, hewa hukaa katikati ya kofia na ngozi, na hewa huzuia baridi kama vile ukuta wa behewa la barafu uzuiavyo joto. Tangu hapo madaktari wengine wamejaribu kulaza nywele kwanza, kwa kuzisuka mistari au kuzisokota, ili kofia iguse ngozi. Basi yule ambaye hospitali yake ina mashine, na aulize wazi: mmekwisha kuwavika watu wenye nywele kama zangu? Mliwatayarisha namna gani?

Tena kofia si ya kila mtu. Mwenye kansa ya damu hapewi, maana kwake dawa yatakiwa ifike kila mahali. Wala mtu ambaye damu yake ina ugonjwa wa kudhuriwa na baridi. Tuliuliza kama kansa ya matiti yaweza kujificha katika ngozi ya kichwa iliyopozwa. Tulijibiwa ya kwamba jambo hilo limeangaliwa kwa miaka, na ni nadra sana kwa waliovaa na kwa wasiovaa pia. Na tafadhali, mtu asiende kununua barafu ya samaki akajifunga kichwani. Ngozi huungua kwa baridi kama kwa moto, na daktari lazima ajue.

Mashine ni ghali, na si hospitali nyingi za Kenya zilizo nayo. Kwa hiyo hatukuja kuwaahidi kofia. Dada yetu hakuipata. Aliingia kwenye dawa bila kofia, nywele zikaanguka siku ya kumi na saba, akafunga kitambaa cheusi, safi kabisa, akaja kazini. Mkubwa mmoja, ambaye hatumtaji, akamwambia avue kitambaa kwa sababu si sehemu ya yunifomu. Alimwambia hivyo dirishani, abiria wakisikia. Dada alivua, akauza tiketi mpaka zamu ikaisha. Ndugu, tulikuwapo. Tulinyamaza kimya, na hilo twalikiri mbele yenu.

Leo dawa zake zimekwisha, nywele zimeota kiasi cha ukucha, na ameketi hapa pamoja nasi. Yeye ndiye aliyetaka tuseme haya, kwa ajili ya watakaokuja nyuma yake. Na watakuja, maana hakuna kansa inayowapata wanawake wengi zaidi katika nchi hii kuliko hii ya matiti.

Kwa hiyo kamati imeandika barua kwa wakuu wa kazi. Twataka mfanyakazi wa kike au wa kiume anayetiwa dawa ya kemo aruhusiwe kufunika kichwa kazini, bila kuulizwa mbele ya watu. Twataka pia siku ya dawa ihesabiwe siku nzima ya ugonjwa, isikatwe katika likizo ya mwaka. Siku hizi mtu wa Mombasa au Nakuru hutiwa dawa karibu na kwake, na wakubwa husema basi nusu siku yamtosha. Haimtoshi. Na mwenye kofia hukaa hospitalini saa mbili zaidi au hata kupita, kama tulivyoeleza, hawezi kukimbilia zamu ya saa nane.

Barua iko mezani kwa katibu, pamoja na kalamu. Twaomba kila mmoja aisome kwanza, kisha atie sahihi kabla ya kutoka. Aliye na mgonjwa nyumbani na hataki kusema mbele ya mkutano, dada yetu atabaki hapa nyuma baada ya sisi kufunga, naye amesema ataongea na yeyote.