Kivuko cha Darasa la Tano



Mwezi Septemba kengele za shule zitalia tena kutoka ufukwe wa Tanganyika hadi vilima vya Muyinga, na muhula wa kwanza utaanza. Hapana shaka wengi wenu mmekwisha kuombwa fedha za madaftari, kalamu na sare. Maombi hayo ni ya haki, na mzazi anayejiheshimu huyatimiza. Lakini liko swali ambalo si wengi wanaoliuliza, nalo ni hili: mtoto huyo anakwenda kujifunza nini? Katika mazungumzo yetu ya leo tunataka kulijibu swali hilo kwa ajili ya watoto wa darasa la tano na la sita, kwa kuwa hao ndio watakaofika, au waliokwisha kufika, penye kivuko kigumu kuliko vyote katika safari yao ya shule.

Ikumbukwe kwamba tangu mageuzi ya mwaka 2013 elimu ya msingi katika Burundi ni ya miaka 9, nayo imegawanywa katika ngazi nne. Darasa la tano na la sita ndiyo ngazi ya tatu. Katika madarasa manne ya mwanzo mtoto hufundishwa kwa Kirundi, lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Afikapo darasa la tano, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kifaransa. Hesabu ni ile ile, udongo na maji ni vile vile, lakini maneno ya kuvielezea yamebadilika. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono darasani huonekana ghafla akiinamisha kichwa. Si kwamba akili yake imepungua. Ni daraja ambalo limebadilishwa miguuni pake.

Basi atajifunza nini? Kwanza, lugha. Mtoto huyo hukutana na lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule zetu za msingi katika miaka ile ambayo nchi yetu ilikuwa ikijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, uanachama uliotimia tarehe 1 Julai 2007. Mtoto wa Buyenzi hahitaji kuelezwa faida ya Kiswahili, maana anakisikia mlangoni kwao toka alfajiri. Lakini mtoto wa kilimani aweza kukiona kuwa mzigo wa bure. Hapo askari ana la kumwambia. Polisi aliyewahi kusimama Kobero akikagua malori yatokayo Tanzania, au Gatumba akipokea wasafiri watokao Kongo, anajua vema kwamba neno moja la Kiswahili likisemwa kwa adabu huondoa ugomvi kabla haujazaliwa.

Pili, hesabu. Katika madarasa haya mtoto huacha kuhesabu vitu vizima peke yake, akaingia katika sehemu, desimali, asilimia, maeneo na ujazo. Wazazi wengi huogopa majina hayo, na kumbe wanayatumia kila siku. Gunia la mchele la kilo 50 likigawanywa sawasawa kwa askari 40, kila mmoja hupata kilo moja na robo. Hiyo robo ni sehemu. Na mwalimu akiandika 1.25 ubaoni, anasema jambo lile lile kwa desimali. Mzazi anayemwonyesha mtoto wake mgao kama huo jikoni amekwisha kumsaidia mwalimu nusu ya kazi.

Tatu, masomo ya mazingira, ambayo ndani yake mna afya, kilimo, historia na jiografia. Na hapa tunawaomba wazazi wawe waangalifu, maana ramani tuliyosoma sisi siyo wanayosoma wao. Wengi wetu tuliyakariri majina ya mikoa mingi. Hadi miaka ya karibuni ilikuwa 18. Tangu mwaka 2025 nchi ina mikoa 5: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na tarafa 119 zimekuwa 42. Mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019 ni Gitega, na Bujumbura imebaki kuwa makao makuu ya uchumi. Mzazi anayemkaripia mtoto kwa kusema mikoa ni mitano, akidhani amekosea, anamfunza kwamba ukweli wa shuleni haufai nyumbani. Hilo ni kosa kubwa.

Vivyo hivyo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tulipojiunga sisi na Rwanda, ilifikia nchi tano. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024, hata sasa ni nchi nane. Yafaa tukumbushane kwamba vikosi vya kwanza vya Burundi viliwasili Mogadishu mwezi Desemba 2007, mwaka ule ule tuliojiunga na Jumuiya. Wapo miongoni mwenu waliolinda mitaa ya mji ule. Mtoto akifungua ramani na kuuliza Somalia iko wapi, ni mwalimu gani atakayemjibu vizuri kuliko baba au mama aliyetembea katika ardhi yake?

Ndugu wasikilizaji, tumetaja masomo. Sasa tutaje hatari. Tangu mwaka 2005, karo ilipofutwa katika shule za msingi, milango ilifunguliwa kwa watoto ambao zamani wangebaki nyuma ya ng'ombe. Lilikuwa jambo jema, nalo lilijaza madarasa. Mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake hawezi kuinama juu ya kila daftari, na mtoto anayekwama katika kivuko cha lugha aweza kukaa kimya muhula mzima pasipo mtu kutambua. Mwisho wake ni kurudia darasa, maradhi ya siku nyingi ya shule zetu, na baada ya kurudia mara mbili tatu, ni kuacha shule.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa familia za watu wenye sare. Amri ya uhamisho haijadiliwi. Leo mzazi yuko Bujumbura, kesho yuko Ruyigi au Makamba. Lakini kama mtoto yumo katika darasa la tano, na kama kuna ndugu wa kumtunza, si lazima asafiri katika lori lile lile. Angojee muhula uishe mwezi Desemba. Na ikiwa hapana budi aondoke, basi asiondoke mikono mitupu: achukue karatasi yake ya alama na madaftari yake yote, yapate kukabidhiwa kwa mkuu wa shule mpya. Askari hapokei zamu pasipo kuelezwa hali ya kituo. Kwa nini mwalimu apokee mtoto pasipo kujua amefikia wapi?

Pengine atatokea mmoja wenu aseme, "Mimi sikusoma Kifaransa, nitamsaidiaje mwanangu?" Jibu ni rahisi. Mwambie akueleze somo la siku hiyo kwa Kirundi. Akiweza kulieleza, amelielewa. Akishindwa, na akabaki kukariri maneno ya Kifaransa kama kasuku, ujue kwamba hajaelewa, nawe ukamwone mwalimu wake mapema, wala usingoje mwisho wa muhula. Aliye mbali aweza kufanya hivyo kwa simu, dakika 10 tu jioni ya Jumamosi. Na lugha ya nyumbani isidharauliwe, maana elimu isiyoweza kusemwa kwa lugha ya mama haijaingia moyoni.

La mwisho: fimbo haifundishi Kifaransa. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya alama mbaya hujifunza kuificha karatasi, basi. Nidhamu mliyofunzwa nyinyi katika kazi yenu ni kutambua tatizo, kulitolea habari na kulitatua kwa pamoja. Nidhamu hiyo ndiyo inayofaa pia mezani penye daftari la mtoto.

Wasikilizaji wapenzi, taifa limewakabidhi mipaka yake, nanyi mnailinda usiku na mchana. Mtoto wa darasa la tano naye yuko mpakani, mpaka kati ya lugha mbili, naye hana silaha ila kalamu. Shime, asiachwe peke yake.