Umeme wa Makaa ya Mawe na Deni la Majivu



Jumapili ya tarehe 2 Februari 2014, mlinzi wa kituo cha umeme cha Dan River, huko Eden katika jimbo la North Carolina, Marekani, aliona maji ya bwawa la majivu yamepungua ghafla. Chini ya bwawa hilo lilipita bomba kuukuu la maji ya mvua, na sehemu yake ya bati ilikuwa imebomoka. Takriban tani 39,000 za majivu ya makaa ya mawe ziliteremka mtoni pamoja na zaidi ya lita milioni 100 za maji machafu. Tope la kijivu lilisambaa kwenye mto kwa zaidi ya kilomita 100. Majivu ya aina hiyo hubeba aseniki, risasi na zebaki.

Kituo chenyewe kilikuwa kimeacha kuchoma makaa tangu 2012. Umeme ulishauzwa na faida ikapatikana. Taka zikabaki kando ya mto.

Lililouma zaidi lilijitokeza mahakamani. Wafanyakazi wa kituo walikuwa wameomba fedha za kukagua mabomba kwa kamera, wakanyimwa; wakaomba tena, wakanyimwa tena. Ukaguzi huo ungegharimu kama dola 20,000. Mei 2015 kampuni tanzu za Duke Energy, mmiliki wa kituo hicho, zilikiri makosa tisa ya kukiuka Sheria ya Maji Safi, katika Dan River na vituo vingine. Zilikubali kulipa dola milioni 102, yaani faini ya milioni 68 na milioni 34 za miradi ya mazingira, na zikawekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miaka mitano.

Faini hiyo waliibeba wanahisa. Ila kufukua mabwawa ya majivu na kuhamishia taka mahali salama ni kazi ya mabilioni ya dola, na gharama hiyo kampuni ilitaka kuirudisha kupitia bili. Mvutano ulidumu miaka mingi. Makubaliano ya Januari 2021 yaliwapunguzia wateja mzigo kwa takriban dola bilioni 1.1, lakini sehemu kubwa ya gharama iliyosalia bado iliangukia bili zao. Mteja asiyechafua mto akatakiwa kuchangia usafi wake.

Hoja ya mhadhara huu inatoka hapo. Kampuni ya umeme haiwajibiki kwa kupigwa faini peke yake. Inawajibika pale gharama ya uchafuzi inapohesabiwa mapema, ikawekwa wazi, na ikalipwa na aliyechuma faida.

Pwani ya Afrika Mashariki imeonyesha namna ya kuanza mapema. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, nchini Kenya. Wananchi, wakiwemo wanachama wa shirika la Save Lamu, walipinga leseni ya mazingira iliyotolewa na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira la Kenya liliifuta. Lilibaini kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: waliitwa mikutanoni kabla tathmini ya athari haijafanyika, na baadaye matokeo yake hayakurudishwa kwao. Mvuvi alitakiwa kutoa maoni kuhusu moshi, majivu na maji ya moto yatakayoingia baharini, ilhali hajaonyeshwa hata ukurasa mmoja wa tathmini. Oktoba 2025 mahakama ya Malindi iliunga mkono uamuzi huo.

Tanzania nayo imeuzungumzia kwa miaka mingi mradi wa makaa ya mawe na umeme wa Mchuchuma, wilayani Ludewa. Kabla mradi wowote wa namna hiyo haujapewa leseni, wabunge na wasimamizi wa nishati wadai mambo matatu. Fedha za kufunga mtambo na kusafisha majivu ziwekwe kwenye mfuko maalumu kabla tanuri la kwanza halijawashwa. Taarifa za ukaguzi wa mabwawa na moshi zipelekwe ofisi za vijiji, kwa Kiswahili. Na sheria ipige marufuku faini au gharama za uzembe kuingizwa kwenye bili ya mteja. Wanasheria na wahandisi wanaosoma katika chuo hiki wanaombwa waanze sasa kuyaandika masharti hayo.